"Akitaka Anaweza": Kisa cha Mtoto Aliyeitwa Pangaboi

Mtaani kwao Mbagala hakuna anayemwita kwa jina lake. Ni Pangaboi, yaani feni ya darini. Jina hilo alipewa na muuza chipsi mmoja aliyemwona anazunguka nguzo ya umeme, mkono mmoja umeishika, tangu viazi vinaingia kwenye mafuta mpaka vinatoka. Likamganda. Mama yake alilichukia mwaka mzima, halafu siku moja akajikuta na yeye analitumia.

Nilimpokea darasa la tatu akiwa na miaka 9, mmoja kati ya wanafunzi 112 waliobanana watano watano kwenye madawati ya watatu. Nimefundisha shule za msingi za serikali miaka 14, na niseme mapema kwamba kisa hiki sikukiangalia kwa mbali. Huyu mtoto nilimchapa, na aibu yangu ni kwamba sikumbuki ni mara ngapi. Mambo machache nimeyabadilisha ili asijulikane, na mama yake ameridhia yaandikwe.

Mwishowe daktari alisema mtoto ana ADHD, hali ya ubongo inayomfanya mtu ashindwe kuzingatia, kutulia na kujizuia. Habari ya daktari ni fupi. Iliyonishughulisha zaidi ni ile miaka mitano ya kabla yake, ambapo watu wazima kama sita hivi, wote wakimtakia mema, walimwona akifanya mambo yaleyale kila siku, kila mmoja akayapa jina lake, na kila jina likaja na dawa yake.

Mtoto mwenyewe

Nianze na daftari lake la hisabati. Tarehe imeandikwa vizuri na kupigiwa mstari kwa rula. Swali la kwanza limenakiliwa, limefanywa, na ni sahihi. La pili limenakiliwa nusu. La tatu halipo. Mahali pake pana lori la semitrela, tela na kichwa, matairi yote yamehesabiwa. Chini yake kuna mwandiko wangu kwa wino mwekundu: Maliza kazi! Fungua ukurasa wa pili, hivyo hivyo. Mwisho wa muhula nilikaa na daftari lile nikahesabu. Nilikuwa nimeandika "Maliza kazi!" mara 31, na mara zote 31 hakuna kilichobadilika, si kwake wala kwangu.

Penseli hazikumaliza siku. Mama yake alikuwa ananunua dazeni na kuzikata kila moja vipande viwili, ili akipoteza apoteze nusu.

Ukimtuma dukani unga wa ngano nusu kilo, chumvi na kiberiti, anatoka mbio kabla hujamaliza kusema, na anarudi na kiberiti pamoja na habari ya mbwa aliyegongwa na bajaji. Chenji haipo. Si mwizi, maana sarafu zilikutwa kwenye benchi la fundi cherehani, alikozitua ili atazame vizuri uzi unavyopita kwenye sindano. Darasani anajibu swali ambalo sijamaliza kuliuliza. Kwenye foleni ya bomba hawezi kungoja, kwa hiyo kila wiki kuna mtu kapigwa, na mara nyingi aliyepigwa ni yeye. Mara mbili amerudi nyumbani na kichwa kimepasuka. Mara moja aliikata barabara ya Kilwa akifuata tiara, na dereva wa daladala alifunga breki mpaka abiria wa mbele wakagonga kioo.

Sasa upande wa pili. Mtaa wa nyuma kuna fundi redio. Mtoto huyuhuyu alikuwa anakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, karibu na yule fundi, saa mbili nzima, hasemi, hatikisi mguu, anatazama moshi wa risasi ya kuunganishia nyaya ukipanda. Alishaunda gari la waya lenye usukani mrefu unaokata kona kweli. Nililinyang'anya darasani, likakaa juu ya kabati la walimu mpaka likizo.

Kwa sababu ya ile ndoo na lile gari, kila mtu mzima aliyemjua alikuwa na sentensi moja mdomoni. Mama yake aliisema, baba yake, bibi yake, mwalimu mkuu, na mimi niliiandika kwenye ripoti ya muhula wa kwanza: akitaka anaweza. Sijaona maneno mawili yaliyomgharimu mtoto kuliko haya. Mtoto asiyeweza kabisa anahurumiwa. Huyu anayeweza leo na kesho hawezi, anaonekana amekataa makusudi, na anayekataa makusudi dawa yake inajulikana.

Majina aliyopewa

Baba yake ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma. Akiondoka anarudi baada ya wiki mbili, wakati mwingine tatu. Kwake yeye mtoto alikuwa amedekezwa. Na alikuwa na ushahidi: siku mbili za kwanza akiwa nyumbani, kijana anatulia kama maji ya mtungi. Mkanda unaning'inia nyuma ya mlango, kila mtu anauona. Siku ya tatu mambo yanarudi palepale, mkanda unafanya kazi, na siku ya nne baba yuko safarini. Hesabu aliyobaki nayo ni hii: "Nikiwepo anatulia, nisipokuwepo anaharibika, kwa hiyo anayemharibu ni mama yake." Mke naye aliibeba lawama hiyo bila kubisha, kwa sababu hata mashemeji walikuwa wanaisema.

Baadaye tulielezwa kwamba watoto wa namna hii huwa na nafuu penye jambo jipya na penye matokeo ya papo kwa papo. Baba anayerudi baada ya wiki tatu ni jambo jipya. Zile siku mbili zilikuwa za ugeni wake, mkanda ulipewa sifa isiyo yake.

Bibi yake, mzaa baba, ni mtu wa Kilwa. Alisema kuna kitu kilibaki. Mtoto akiwa na miaka miwili alishikwa na degedege, akalazwa siku tano na malaria. Kwa bibi, yule aliyerudi kutoka hospitali hakuwa sawasawa na aliyekwenda. Akamfanyia kombe: aya zikaandikwa kwa zafarani kwenye sahani, zikaoshwa kwa maji, mtoto akanywa asubuhi tatu. Hapo walimu wengi wangecheka, na mimi nilicheka. Lakini ukiliondoa jina alilotumia ukabaki na historia aliyoitoa, bibi ndiye aliyekuwa karibu kuliko sisi wote na swali la kitabibu. Malaria kali inayofika kwenye ubongo huwaacha baadhi ya watoto na matatizo ya umakini na tabia. Hilo limeonekana kwa watoto waliofuatiliwa Uganda na Malawi. Siku ya kliniki daktari aliuliza kuhusu degedege kabla hajauliza kuhusu shule. Hakuweza kusema kwa uhakika kama ndicho chanzo, maana degedege la homa lililo fupi kwa kawaida haliachi kitu. Ila aliandika kila alichosimulia bibi.

Jirani alisema sukari. Soda zikakatazwa, juisi za vifuko zikakatazwa, mtoto akawa anazipata kwa wenzake. Hili la sukari lina utafiti ambao huwa nausimulia kila nikipata nafasi. Mwaka 1994 huko Marekani watafiti waliwachukua akina mama 35 waliosema watoto wao wa kiume, wa miaka 5 hadi 7, wanapandwa na wazimu wakila sukari. Watoto wote walipewa kinywaji kisicho na sukari hata chembe. Karibu nusu ya akina mama wakaambiwa mtoto amekunywa sukari nyingi. Ndio waliosema watoto wao wamechachamaa, na picha za video zilionyesha kwamba mama hao ndio waliowakaribia zaidi watoto na kuwakosoa zaidi. Sukari ilikuwa masikioni mwa mama.

Shangazi alisema simu na katuni. Sitakaa hapo sana. Daktari George Still wa London aliwaeleza madaktari wenzake watoto wa aina hii mwaka 1902, kabla hata redio haijaingia majumbani. Na hata yeye, bingwa wa watoto, aliiita kasoro ya kujizuia kimaadili. Nikiisoma habari hiyo huwa naona tumefanana: mzungu wa 1902 na mwalimu wa Temeke, wote tuliona mwili usiotulia tukafikiri tumeona tabia.

Kwenye zahanati walimpa dawa ya minyoo. Haikumdhuru.

Mimi jina langu lilikuwa mtundu. Ofisini tunalo namna yake ya kulisema, "kichwa anacho, ila mtundu", na tukishasema hivyo tunaendelea na chai.

Alichojua mama

Mama yake hakuwa na jina la kwake. Alipokea kila lililokuja kwa zamu: kadekezwa, kachezewa, sukari, minyoo, simu. Anauza vitumbua asubuhi, anaamka saa tisa usiku kukoroga, na sikuwahi kufikiri kwamba kwa mtu huyu ningejifunza kufundisha.

Siku moja nilikwenda kwao kulalamika. Nikamkuta anampa kazi. Kwanza hakumwita kwa sauti. Alimfuata, akamwekea mkono begani, akangoja macho yakutane. Akasema jambo moja tu: "Lete ndoo." Mtoto akarudia, "Lete ndoo," akaenda. Ndoo ilipofika ndipo akasema la pili. Kazi ya shule alikuwa anamfanyisha karibu na jiko, maswali mawili, kisha kijana anageuza vitumbua vinne kwa kijiti, kisha mawili tena. Kula alimwacha ale amesimama.

Nilipouliza, aliona haya. "Najua namdekeza, madamu. Baba yake akiwepo sifanyi hivi."

Yote yale ndiyo yanayofundishwa kwenye mafunzo ya wazazi wa watoto wenye ADHD: agizo moja kwa wakati, umpate machoni kwanza, arudie alichosikia, kazi ikatwe vipande, mwili upewe pa kusogea. Kwa watoto wadogo, miongozo ya kitabibu ya Uingereza na Marekani inataka mafunzo hayo ya wazazi yatangulie kabla ya dawa. Yeye aliyavumbua peke yake, gizani, akiwa anakoroga unga, na akayaficha kama mtu anayekula mchana wa Ramadhani.

Ndiyo maana siafiki mtu anaposema wazazi wetu hawana uelewa. Mama huyu alijua mtoto wake anapoteza kitu gani saa ngapi. Kilichokosekana ni jina ambalo lingemwambia kwamba hicho anachokifanya ni matibabu. Bila jina hilo, ujuzi wake ulionekana udhaifu hata machoni pake mwenyewe.

Na tatizo la jina ni kubwa kuliko linavyoonekana. Usonji sasa watu wanaujua, redio zimeutangaza. ADHD kwa Kiswahili haijapata neno lililokaa. Ukiieleza, mara nyingi unasema tatizo la umakini na utukutu, na hilo la pili, utukutu, ni neno tunalomtukania mtoto. Mzazi unamwambia mwanao ana ugonjwa wa utukutu. Yeye anasikia serikali imethibitisha anachosema jirani.

Chuoni anakosoma Kurani pia nilikwenda, alasiri moja. Ustadhi alinishangaza. Mtoto alikuwa anahifadhi vizuri kuliko wengi wa umri wake. Nilikaa nje nikatazama. Pale wanasoma kwa sauti, wanayumba mbele na nyuma, na kila mmoja anaitwa mbele ya mwalimu kusikilizwa peke yake, dakika chache, kisha anarudi. Mwili unaruhusiwa kutikisika na sauti inaruhusiwa kutoka. Kwangu vyote viwili vilikuwa makosa. Lakini Ustadhi naye alikuwa na malalamiko: kijana hangoji zamu yake, anarukia aya ya mwenzake, na ndala za watu zinaishia juu ya paa. Kwa hiyo tatizo lilikuwepo na huko, ila lilikuwa limepewa nafasi ya kupumulia.

Kwenda hospitali

Aliyetufungua macho ni kijana wa mafunzo kwa vitendo aliyekuwa amesomea elimu maalumu chuo cha Patandi, Arusha. Wiki yake ya pili aliniuliza, "Madamu, huyu amewahi kupimwa masikio?" Nilikasirika. Miaka 14 kazini, halafu mtoto wa juzi ananiuliza masikio. Ilinichukua siku tatu kukubali kwamba jibu lilikuwa hapana, na kwamba sikuwahi kufikiria.

Mama yake nilipomwambia habari ya kliniki ya afya ya akili, alisimama. "Mwanangu si chizi, madamu." Kwetu ukitaja akili watu wanaona Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, na ukuta wake. Baba alipiga simu akiwa Makambako, nikamsikia mwenyewe maana simu iliwekwa spika: "Unataka mwanangu aandikwe kichaa?" Wiki tatu zikapita. Katikati yake ndipo lilipotokea lile la barabara ya Kilwa, na mama akaja asubuhi yake shuleni bila beseni la vitumbua. Akasema twende.

Walianza na masikio na macho. Wakauliza kama anakoroma usiku, maana mtoto asiyelala vizuri kwa sababu ya nyama za pua huamka mchokozi na hasikilizi. Wakapima damu. Wakauliza kama huwa anaduwaa ghafla sekunde chache na kope zinachezacheza, kwa kuwa ipo kifafa ya namna hiyo, na mwalimu huiita "kuota mchana". Wakauliza kama alilia alipozaliwa. Vyote hivyo ni vya kuondolewa kwanza.

Kisha daktari akaeleza wanachotafuta, kwa mwongozo unaotumiwa tangu mwaka 2013: dalili ziwe sita au zaidi katika kundi la kutozingatia, au sita katika kundi la kutotulia na kukurupuka, ziwe zimedumu miezi 6 au zaidi, nyingine ziwe zilionekana kabla ya miaka 12, zionekane sehemu mbili au zaidi, si nyumbani tu wala shule tu, na ziwe zinamharibia mtoto maisha. Hapo ndipo anapohitajika mwalimu. Nikapewa fomu.

Fomu ile niliijaza kwa dakika tano, nikaweka "mara nyingi sana" kuanzia juu mpaka chini, kwa hasira za mwaka mzima. Yule kijana wa Patandi akaiona mezani. "Madamu, hii umejaza kwa kukumbuka. Mtazame kwanza."

Nikamtazama. Kipindi cha hisabati, dakika 40, nikampa yule kijana afundishe, nikakaa nyuma. Pangaboi alisimama mara 11. Nilichokiona siku ile kimenikaa. Dawati la nyuma yake kulikuwa na wavulana wawili wenye kelele kuliko yeye. Mwalimu akigeuka, wananyamaza. Akielekea ubaoni, wanaanza. Wale walikuwa wanajua mwalimu yuko wapi kila sekunde. Hao ndio watundu. Pangaboi alipoitwa jina aliruka kama mtu aliyeamshwa. Hakuwa akimkwepa mwalimu. Hakujua kabisa kwamba mwalimu alikuwa anamtazama, na uso wake ulikuwa na mshangao wa kweli. Ule mshangao nilikuwa nimeuona mara mia, nikauita unafiki.

Barabara iliyonyooka

Kliniki ya tatu baba alikuwepo. Alikaa kwenye kiti cha mwisho, mikono kifuani. Daktari, mama mmoja mtulivu, alimweleza kuhusu ubongo, akaona hamsikilizi. Akamgeukia.

"Baba, wewe ni dereva. Usiku ukisinzia barabarani, ukitaka, si unaweza kukaa macho?"

Baba akafikiri. "Kwa muda. Unashusha kioo. Unaweka muziki, unatafuna kitu."

"Kitonga unasinzia?"

"Kitonga?" Akacheka. "Pale hata uwe hujalala siku mbili. Kona zile!"

"Unasinzia wapi sasa?"

"Ukishapita Igawa. Tambarare. Barabara imenyooka, hakuna kitu."

"Na ukisinzia pale, ni kwamba hutaki kukaa macho?"

Kimya. Daktari akasema hisabati za ubaoni kwa mtoto huyu ni kule baada ya Igawa, na kwa fundi redio ni Kitonga. Kutaka anataka. Sisi wengine tuna kitu kichwani kinachotushikilia macho hata penye tambarare; chake hakijakomaa. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2007 kwa kupiga picha za ubongo uliona kwamba gamba la juu la ubongo wa watoto wenye ADHD lilifikia kilele cha unene wake kwenye miaka 10 na nusu hivi, wakati kwa wenzao ni miaka 7 na nusu. "Kwa hiyo suala la kungoja na kujizuia, usimpimie mtoto wa miaka 9. Mpimie wa 6."

Nimehudhuria semina nyingi za ualimu. Sijasikia "akitaka anaweza" ikijibiwa vizuri namna ile.

Halafu akauliza nani mwingine kwenye ukoo alikuwa hivi. Mama akainama akacheka kwenye kanga. Baba hakucheka. Yeye ndiye aliyeacha shule kidato cha pili, ndiye anayepoteza simu, ndiye kila siku tuliyemsikia akisema "hata mimi nilikuwa hivihivi". Miaka yote sentensi hiyo alikuwa anaitoa kama sifa ya fimbo. Urithi kwenye ADHD una nguvu kubwa, unakadiriwa kama asilimia 74, karibu na ule wa urefu wa mwili. Daktari hakumwambia tarakimu hiyo. Alimuuliza tu, "Na fimbo ilikusaidia kumaliza kidato cha pili?"

Dawa ilitajwa pia. Iliyotumika zaidi duniani ni methilifenideti, na ni ya kuchangamsha, jambo linalowashangaza wazazi wote: mtoto asiyetulia anapewa kichangamsho? Lakini hilo lilionekana tangu 1937, daktari Charles Bradley alipowapa watoto benzedrini, nayo kichangamsho, kule Rhode Island, Marekani, na walimu wakaona tofauti darasani. Kwetu ugumu ni kuipata. Imo kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 wa kudhibiti dawa za aina hiyo, na Shirika la Afya Duniani lilikataa kuiingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019 na tena 2021. Mama aliogopa mtoto asije akawa zezeta. Wakakubaliana waanze bila dawa, waangalie kwa miezi. Sisemi walichagua vizuri kuliko wangechagua dawa. Kwa watoto wengi dawa hiyo inafanya kazi, na mzazi anayeitumia hajashindwa malezi. Nasema hiki ndicho walichochagua.

Miezi iliyofuata

Nilimhamisha kutoka dirishani nikamweka mbele, mkono wangu unafika. Maswali 10 nikayakata: matatu, alete nione, nitie vema, arudi. Akawa mkusanya madaftari na mfuata chaki, kwa hiyo akawa na ruhusa ya kusimama. Nyumbani, mama aliacha kujificha. Kila kazi iliyokamilika inachorwa alama ya mkaa kwenye mlango, alama tano ni saa moja kwa fundi redio, siku hiyohiyo. Alijaribu kwanza zawadi ya Jumamosi, haikufua dafu. Kwa mtoto huyu Jumamosi ni mwaka kesho.

Baba mkanda aliutoa nyuma ya mlango. Mwezi wa pili aliurudisha, siku kijana alipomwaga oili ya gari. Aliutumia. Kisha, kwa maelezo ya mama, akakaa nje mpaka usiku wa manane, na safari iliyofuata aliondoka nao akaufungia maturubai. Bibi anaendelea na kombe. Hakuna aliyemkataza, na sioni sababu.

Matokeo si ya kupigiwa ngoma. Kati ya maswali 10 sasa anamaliza 6, siku mbaya 4. Muhula wa kwanza alikuwa wa 97, mwisho wa mwaka alikuwa wa 61. Penseli bado zinakatwa vipande. Kwenye bomba bado anapigana, ingawa sasa anakuja kunieleza mwenyewe kabla sijaletewa kesi. Gari la waya nilimrudishia, lina taa.

Lakini kuna hesabu moja ambayo naikimbia. Tafiti za dunia zinaiweka ADHD kwenye watoto kama 5 kati ya 100. Darasa langu lina 112. Mimi nimemwona mmoja, na nimemwona kwa sababu anazunguka nguzo. Wale wa kundi la kutozingatia tu, ambao wasichana wengi wenye tatizo hili huangukia humo, hawamzungushi mtu. Wanakaa kimya, daftari jeupe, na tunawaita wazito.

Januari Pangaboi alipanda darasa la nne, ambako kuna mtihani wa taifa wa upimaji. Niliandika ukurasa mmoja kwa mwalimu anayempokea: akae wapi, apewe maswali mangapi, aguswe bega kabla ya kuambiwa. Nilimkabidhi mkononi, ofisini, wakati wa chai. Ni mwalimu mzuri, mkongwe kuniliko. Fimbo yake ilikuwa imelala juu ya meza, kati ya rejesta na kikombe. Kanuni zinasema anayechapa ni mwalimu mkuu, au mwalimu aliyepewa kibali chake, kwa kosa kubwa, fimbo zisizidi nne, na ziandikwe kwenye kitabu. Kitabu hicho sijawahi kukiona. Kenya walishaipiga marufuku fimbo shuleni tangu 2001.

Alisoma ukurasa wote, tena taratibu. Akaukunja, akauingiza kwenye rejesta.

"Kwa hiyo huyu nisimchape."

"Usimchape."

Akakoroga chai yake. "Haya. Na hawa 111 wengine, nitawajuaje?"